Akiba Inayooza

Wahenga walituachia usemi kwamba akiba haiozi. Betri ya kamera inawabishia. Iweke kabatini ikiwa imejaa pomoni, isipige hata picha moja, nayo itazidi kuchakaa, maana kemia iliyo ndani yake hailali. Ndiyo sababu anayejua kuitunza anastahili sifa ile ile tunayompa anayejua kusoma mwanga na kuchagua pa kusimama. Kazi yake haiishii kwenye kuchomeka na kuchomoa chaja. Ni ufundi kamili, kwa kuwa inamtaka aielewe tabia ya kitu asichokiona, kisha aamue kulingana na wakati, asifuate mazoea tu.

Mazoea yenyewe yameshawapotosha wengi. Betri za nikeli na kadimi, zilizobuniwa na Waldemar Jungner wa Sweden mwaka 1899, ziliwahi kutawala katika kamera za video, na watumiaji walishauriwa wazimalize kabisa kabla ya kuzichaji, la sivyo zingezoea kukata mapema. Ushauri huo ulikuwa na msingi wake. Lakini mwaka 1991 Sony ilianza kuuza betri za lithiamu-ioni, na kwa betri hizi dawa ya jana ni sumu. Seli ya betri kama hiyo kwa kawaida hujazwa hadi volti 4.2, na ikishushwa chini sana ya volti 3 huanza kuharibika. Ikikaa imejaa, kemikali zake huwa na msukumo mkubwa wa kushambuliana. Ikikauka kabisa, hata shaba iliyo ndani yake yaweza kuanza kuyeyuka. Raha yake iko katikati, na anayeikamua kila mara hadi mwisho kwa kudhani anaitunza, anaizeesha kwa mkono wake mwenyewe.

Adui mwingine ni joto. Betri iliyohifadhiwa mwaka mzima ikiwa imejaa, kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, yaweza kupoteza takriban moja ya tano ya uwezo wake, ilhali iliyoachwa na chaji ya asilimia 40 hupoteza asilimia chache tu. Kwenye nyuzi 40 hasara huongezeka, na gari lililofungwa juani Mombasa au Dar es Salaam hupita kiwango hicho bila taabu. Hapa ndipo fundi anapojitenga na mchomekaji. Mpiga picha wa harusi wa pwani anajua kwamba Ramadhani harusi huadimika, na Idi ikishapita hufumuka mfululizo. Basi mwezi wa kufunga betri zake hukaa na chaji ya nusu, mahali penye ubaridi na pakavu. Mkesha wa shughuli ndipo anapozijaza. Amezipa namba na kuziandika tarehe ya kununuliwa, ili zitumike kwa zamu na ile inayochoka ijulikane kabla ya bibi harusi kuingia ukumbini.

Kuna atakayesema kwamba chaja za siku hizi zina akili. Ni kweli: chaja nzuri hupeleka mkondo usiobadilika hadi seli zikaribie kikomo, kisha huishikilia volti na kuupunguza mkondo hadi ujikate. Lakini chaja inaijua volti, haiijui kalenda. Haina habari kama betri itatumika kesho au baada ya miezi mitatu. Mwingine atauliza, kazi ikija ghafla na betri ziko nusu, itakuwaje? Kwani nani amekataza kujaza? Kujaza si kosa. Kosa ni kujaza na kusahau. Mwenye betri nne anaweza kuiacha moja tayari na kuzipumzisha tatu, na uamuzi huo hakuna mashine itakayomfanyia.

Pingamizi zito zaidi ni la mwenye fedha: ikifa, nitanunua nyingine. Betri nyingi za aina hii zina kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, hasa kusini, katika miji kama Kolwezi ambako Kiswahili ndicho kinachosikika mitaani. Baadhi ya wachimbaji huko hushuka mashimoni kwa zana za mkono. Betri iliyokufa miaka miwili kabla ya siku zake ni jasho la watu hao lililomwagwa bure, wakati kulizuia kungegharimu uangalifu tu. Hata hivyo kutunza si kung'ang'ania. Betri iliyovimba imekwisha: isitobolewe, isichajiwe tena, wala isitupwe pamoja na taka za nyumbani, kwa kuwa yaweza kuwaka moto. Izibwe ncha zake kwa selotepu na ipelekwe kwa wanaopokea taka za kielektroniki. Kujua lini kazi ya betri imefika mwisho nako ni sehemu ya ufundi huo huo, na pengine ndiyo sehemu inayodai uaminifu zaidi.