Hisa za Jumia na mzigo wa kwenda Endulen

Tarehe 12 Aprili 2019 hisa za Jumia zilianza kuuzwa katika Soko la Hisa la New York. Zilitolewa kwa dola 14.50, na jioni zikafunga kwa 25.46. Kampuni iliyoanzia Lagos mwaka 2012, na wakati huo ikiuza bidhaa mtandaoni hata hapa Tanzania, ilikuwa imeyaruka masoko ya hisa ya Lagos, Nairobi na Dar es Salaam. Matarajio makubwa namna hiyo yalijengwaje?

Yalijengwa kwa kipimo kilichochaguliwa. Namba iliyotangulizwa ilikuwa thamani ya bidhaa zote zilizoagizwa mwaka 2018: euro milioni 828. Mapato ya kampuni yenyewe yalikuwa milioni 129, hasara milioni 170. Igawanye hasara hiyo kwa wateja milioni 4 waliotajwa, kila mmoja anabeba zaidi ya euro 42. Kwa hiyo mwekezaji hakununua mapato yale. Alinunua wingi wa Waafrika wenye simu.

Sasa tuufuate mzigo mmoja. Simu imetoka Dar, imeshushwa Arusha, imepakiwa kwenye basi la Karatu, kilomita 140 hivi. Juu ya boksi pameandikwa jina na namba ya simu kwa kalamu ya wino mzito. Anwani ndiyo hiyo. Stendi ya Karatu mwenyewe anapigiwa, anafika na bodaboda, kazi imekwisha. Lakini akiwa Endulen, boksi linasubiri gari la kupanda huko, lipite lango la Lodoare, liiache lami, lifuate ukingo wa kreta kwenye ukungu na vumbi. Na kama makubaliano ni kulipa ukipokea, likamkuta hela imeshakwenda kwenye dawa ya ng'ombe, linarudi njia ile ile.

Waraka wa matarajio, ule ambao kampuni iliwapa wawekezaji kabla ya kuuza hisa, haukulificha hili. Oda zenye asilimia 14.4 ya thamani ile ya mwaka 2018 ama zilirudishwa ama hazikumfikia mteja. Hiyo ndiyo namba ambayo mimi ningeisoma mara tatu, kwa sababu mzigo uliorudi umelipiwa nauli ya kwenda na ya kurudi, na bado umehesabiwa ndani ya zile milioni 828.

Mwezi Mei 2019 wachambuzi wa hisa wa Citron Research walitoa ripoti wakidai kuwa hali ya oda hizo ilikuwa mbaya kuliko waraka ulivyosema, na bei ya hisa ikaporomoka. Novemba Jumia ilifunga shughuli zake Tanzania. Machi 2020 hisa moja ilikuwa chini ya dola 3.

Tangu Francis Dufay aingie uongozini mwishoni mwa 2022, kampuni imebana matumizi ya matangazo na, katika nchi ilizobaki, inaelekeza mizigo mingi zaidi kwenye vituo vya kuchukulia, hasa nje ya miji mikubwa. Ni utaratibu wa stendi ya Karatu: mzigo unashuka, mwenyewe anaufuata.