Uru Tano na Kiwanja cha Nzuguni

Jumamosi moja nilikuwa nimekaa nje ya saluni ya jirani hapa Nzuguni nikisubiri umeme urudi, mwenye saluni akanisogezea simu yake. "Mdogo wangu, wewe si ulisomea mambo ya udongo? Haya, nisomee na huu."

Kwenye kioo cha simu kulikuwa na karata ya taroti. Watu wawili wanatembea kwenye theluji usiku: mwanamke kajifunika shali, miguu mitupu, mwanamume yuko kwenye magongo, kengele inaning'inia shingoni. Juu yao kuna dirisha la kanisa linalong'aa, na kwenye vioo vyake duara tano zenye nyota ndani. Aliyemtumia, mtu wa mtandaoni ambaye dada hajawahi kumwona, alikuwa ameandika maelezo yake chini: hii ni karata ya elementi ya udongo, udongo ni ardhi, na ardhi unayoitaka itakufukarisha. Achana nayo.

Ardhi yenyewe ni kiwanja. Dada alishalipa awamu ya kwanza, na ya pili ilikuwa inadaiwa mwisho wa mwezi. Akiacha, ile ya kwanza hairudi.

Ningeweza kusema "huo ni upuuzi" nikaendelea na mambo yangu. Ila mtu ambaye pesa yake iko hatarini hastahili jibu la neno moja, na wewe msomaji huenda una dada au shangazi anayelipia usomaji wa namna hii. Kwa hiyo tuichambue hiyo karata kama tunavyochambua makala ya kisayansi: nani kaitengeneza, lini, na anayeielezea amejuaje?

Nianze kwa kusifu. Karata ile ni ya seti ya Rider-Waite, iliyochapishwa London mwaka 1909. Maelekezo yalikuwa ya Arthur Edward Waite. Michoro ni ya Pamela Colman Smith, mwanamke aliyeishi sehemu ya utoto wake Jamaika. Kabla yake, seti nyingi za taroti zilichora karata za namba kama hizi zetu za kawaida: tano ni alama tano, basi. Yeye akachora tukio kwenye kila karata, na ndiyo sababu seti yake imeenea kuliko zote. Ubaridi wa picha ile unakuingia kabla hujaambiwa chochote. Na ufukara hakuusikia kwa jirani tu: mwaka uleule alimwandikia mpiga picha Alfred Stieglitz kwamba amemaliza kazi kubwa kwa malipo kidogo. Hata jina la seti lilibeba mchapishaji na Waite, la mchoraji likaachwa.

Lakini tazama tena ile picha. Theluji, jamani! Umaskini wa London unavaa theluji. Wa kwetu unavaa vumbi. Seti hiyohiyo inatuambia vikombe ni maji, na maji ni hisia za moyo. Mtu aliyekulia Dodoma, ambako mvua ni za msimu mmoja na ukame wake unajulikana, akiona maji hafikirii hisia. Anafikiria pipa. Picha inazungumza na watu wa mahali fulani, na huyo msomaji wa mtandaoni alikuwa anatafsiri baridi ya Uingereza kuwa hatima ya kiwanja cha Nzuguni.

Sasa njoo kijiweni, maana ushahidi mzuri zaidi uko kwenye lugha yetu wenyewe. Umewahi kujiuliza kwa nini karata yenye moyo tunaiita kopa? Kwa Kireno, copas ni vikombe. Uru ni ouros, dhahabu, yaani sarafu. Shupaza ni espadas, panga. Pau, ambayo wengine wanaiita maua tu, ni paus, marungu. Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498, na walipong'olewa Fort Jesus pale Mombasa mwaka 1698 walituachia maneno, neno karata likiwamo, pamoja na meza tunayozichezea. Alama zilizochorwa kwenye karata za dukani leo ni za Kifaransa. Majina tunayoyatamka ni ya mtindo wa zamani zaidi: vikombe, sarafu, panga na marungu.

Hayo makundi manne ndiyo yaleyale ya taroti. Kwa hiyo karata iliyomnyima dada usingizi, kwa Kiswahili cha kijiweni, ni uru tano. Karata ndogo kabisa. Ukiitupa mezani hakuna hata anayeinua macho.

Turufu nayo ina asili ya kuchekesha. Karibu mwaka 1440, huko kaskazini mwa Italia, watu waliongeza karata za picha kwenye seti ya kawaida ili ziwe na nguvu ya kula nyingine zote. Wakaziita trionfi, yaani ushindi. Hizo ndizo picha 22 ambazo leo wapiga ramli wa taroti wanazinong'onea: Mwendawazimu, Mauti, Mnara na wenzake. Neno lao likawa trunfo kwa Kireno, likatufikia likiwa turufu. Kila unapouliza "turufu nini?" unataja ukoo wa taroti bila kujua, na unalitumia neno kwa kazi yake ya awali, ambayo ni kucheza.

Ukirudi nyuma zaidi unaikuta Misri, ila si ile inayotajwa kwenye video. Karata zinaanza kutajwa Ulaya kwenye miaka ya 1370, na zilitoka kwenye ulimwengu wa Kiislamu. Kuna seti ya Wamamluki wa Misri iliyohifadhiwa jumba la Topkapı, Istanbul. Makundi yake manne ni vikombe, sarafu, panga na fimbo za polo. Wazungu wa wakati ule hawakuujua mchezo huo wa farasi, wakazichora zile fimbo kama marungu. Basi ukisikia mtu anasema fimbo ya taroti ni "moto wa roho ulimwenguni", kumbuka kwamba babu yake ni kifaa cha michezo.

Hizo elementi ziliingiaje, basi? Zenyewe ni za kale. Empedokle wa Wagiriki alisema karne ya 5 kabla ya Kristo kwamba kila kitu kimejengwa kwa moto, hewa, maji na udongo. Wazo likapita kwa Waarabu likatufikia na sisi: zile "nyota za moto" na "nyota za maji" ambazo marehemu Sheikh Yahya Hussein alizizoesha Watanzania ni mali ya ukoo huo. Hata kwenye ramli ya mchanga kila umbo lina mistari minne, mmoja wa moto, mmoja wa upepo, mmoja wa maji, mmoja wa udongo. Kila mstari una nukta moja au mbili, na hesabu inakupa maumbo 16. Ni hesabu safi, napenda kuwafundishia wanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Kuzifunga elementi hizo kwenye karata ndiyo kazi ya juzi. Mwaka 1781 huko Paris, Antoine Court de Gébelin alitangaza kwamba taroti ni kitabu cha siri cha Wamisri wa kale. Maandishi ya Wamisri hao hakuna aliyeweza kuyasoma mpaka Champollion mwaka 1822, yaani miaka 41 baadaye. Na katika Paris hiyohiyo, mwaka 1783, Antoine Lavoisier alikuwa akionyesha kwamba maji si elementi, yametengenezwa kwa gesi mbili. Wakati maabara inazivunja elementi nne, wapenda siri mtaani walikuwa wanazitafutia makazi mapya. Karne iliyofuata, Éliphas Lévi na baadaye chama cha siri cha Golden Dawn, kilichoanzishwa London mwaka 1888, wakakamilisha jedwali: fimbo moto, vikombe maji, panga hewa, sarafu udongo. Waite na Smith wote walikuwa wanachama.

Ndiyo maana nikikiri kwamba alama zimo kwenye picha sijipingi. Mfalme wa Fimbo amevaa joho lenye mijusi ya moto, na kwenye karata moja ya vikombe samaki anachungulia kutoka kikombeni. Zimo kwa sababu ziliwekwa mwaka 1909, kwa makusudi, na watu wenye jedwali mkononi. Halafu anakuja mtu leo anazitoa moja moja kama aliyechimba hazina.

Tena jedwali lenyewe wanabishana. Wako wanaosema panga ndizo moto, kwa sababu chuma hupita tanuruni, na fimbo ndizo hewa. Usomaji unaendelea vilevile, wateja wanatikisa kichwa vilevile. Hapo mwanasayansi anashtuka. Ukibadilisha vipimo vya chumvi kwenye sampuli ya udongo, jibu langu litaharibika na mkulima atanijia juu. Kitu ambacho unaweza kukigeuza kutoka moto kuwa hewa na jibu lisitetereke hakikuwa kinapima chochote.

Dada alinisikiliza hadi mwisho, halafu akauliza swali ambalo niliona ni zuri kuliko yangu yote: "Sawa. Sasa amejuaje kuwa nina mambo ya kiwanja?"

Tukapandisha mazungumzo ya WhatsApp hadi juu. Ujumbe wa kwanza kabisa, wa kwake mwenyewe: "Habari, nataka kujua kuhusu kiwanja ninachonunua." Akaguna. Akaufunga mkoba, akaufungua tena.

Kuhusu udongo wenyewe nilimwambia ninachokijua. Kama pale ni mbuga, ule mfinyanzi mweusi unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, nyumba inaweza kupasuka kuta na msingi utamgharimu zaidi. Kama ni kichanga chekundu, mambo ni tofauti. Hilo linajulikana kwa shimo la mita moja na nusu. Na uhalali wa kiwanja unajulikana ofisi za ardhi za jiji, kwa namba ya kiwanja na kitalu.

Tumepanga kwenda Jumatatu. Sururu ninayo, koleo anaazima kwa fundi wa jirani.