Tusibebe Manyoya Tu

Jamani, si mchezo: miaka 8, safari 18, aina zote 39 za ndege wa peponi zilizojulikana wakati ule. Ndivyo Wamarekani Tim Laman na Edwin Scholes walivyozipata picha za kitabu chao, Birds of Paradise (2012). Lakini kwa kweli nyingi zinanichosha: manyoya, rangi, halafu rangi tena. Iliyonikamata ni ile ya visiwa vya Aru, Indonesia: dume juu ya tawi, jua linachomoza, msitu umetanda nyuma yake. Mwingereza Alfred Wallace alifika Aru mwaka 1857, akaondoka na ngozi za ndege. Picha hii imemwacha ndege kwao. Nasi tunaoandika, tukimchukua mhusika, tumchukue na mti wake.