Kongole kwa Wakaguzi wa Vibali

Kajaga, nchini Burundi, kwenye barabara ya Gatumba kando ya Ziwa Tanganyika, kiboko si mnyama wa kusimuliwa. Usiku hutoka majini akaja kula majani karibu na nyumba za watu. Ndovu, hayupo. Hata hivyo miaka ya 1980 nchi hii ilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa pembe za ndovu duniani! Pembe za Tanzania, Zaire na kwingineko ziliingia Bujumbura kwa magendo, zikapata karatasi, zikaondoka kama mali halali.

Mchezo huo ulivunjwa na CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, uliotiwa saini Washington mwaka 1973. Burundi ilijiunga mwaka 1988. Mwaka uliofuata, mjini Lausanne, ndovu wa Afrika aliingizwa kwenye Orodha ya Kwanza ya mkataba, inayokataza biashara ya kimataifa, na shehena ya tani zaidi ya 80 iliyobaki Bujumbura ikakosa soko halali.

Kiboko yumo Orodha ya Pili: meno yake huvuka mpaka kwa kibali tu. Ulinzi huu una matundu, maana jangili haombi kibali. Ndiyo maana pongezi zangu nazielekeza kwa mkaguzi wa forodha, anayegeuza kipande mkononi akitafuta mistari inayopishana kama wavu: ikiwapo, ni pembe ya ndovu, jino la kiboko halina.

Nawe msomaji, ukiuziwa bangili ya pembe, usinunue.