Neno «hashak»: moyo wa Mungu unaoambatana na watu

Katika Kumbukumbu la Sheria 7,7 Musa anawaeleza Waisraeli kwa nini Mungu aliwachagua, wao waliokuwa taifa dogo. Tunapofundisha aya hiyo hapa Likasi, kwa kawaida tunasema tu: Mungu aliwapenda. Si uongo, lakini haitoshi. Neno la kawaida la mapendo, «ahava», linakuja katika aya ya 8. Katika aya ya 7 Kiebrania kinasema «hashak». Na kwetu «kupenda» ni neno pana mno: mtu anapenda mke wake, anapenda na chai.

Basi tutazame mahali lingine neno hili linapotumiwa. Katika Mwanzo 34,8 Hamori analitumia kwa mwanawe Shekemu, ambaye roho yake imemwelekea Dina. Katika Kumbukumbu 21,11 ni askari aliyevutwa na mwanamke mateka. Katika Zaburi ya 91,14 (ya 90 katika Vulgata) ni mtu mwenye kushikamana na Mungu. Kila mara kuna mambo mawili pamoja: moyo unavutwa, nao unafungwa.

Lakini neno lenyewe si takatifu. Shekemu alikuwa amekwisha kumtendea Dina kwa nguvu. Na askari yule Sheria inamwekea mipaka: amwache mwanamke alilie wazazi wake mwezi mzima, ndipo amwoe, asipomtaka tena, amwache huru, asimwuze. Maana yake, hamu peke yake haimlindi mtu, yahitaji ahadi. Ndiyo maana aya ya 8 inataja mara moja kiapo ambacho Mungu aliwaapia mababu. Vijana wanaojitayarisha kwa ndoa wafundishwe jambo hilo.

Wengine wanaeleza neno hili kwa mfano wa chuma. Kweli, katika Kutoka 27 na 38 herufi zile zile za asili zinataja pete za feza zilizozunguka nguzo za ua wa Hema. Aya ya 38,28 inahesabu shekeli 1.775 za feza kwa pete hizo, kulabu na vichwa vya nguzo. Katika mji wa shaba kama wetu, wenye viwanda vya Shituru, mfano huo unaeleweka upesi. Lakini James Barr alionya mwaka 1961 kwamba asili ya neno si maana yake. Mfano huo ufae kwa kuangaza, usiwe ushuhuda.

Na watafsiri wa zamani? Wale Sabini, kwa Kigiriki, waliandika katika 7,7 kwamba Mungu «alichagua», moyo umepotea. Mtakatifu Yeronimo aliona vizuri zaidi: katika 7,7 aliandika «junctus», yaani ameunganishwa, na katika 10,15 «conglutinatus», kama vitu viwili vilivyonatishwa kwa gundi. Kwa Kiswahili «tamaa» haifai: wakristu wetu wanaijua katika amri ya tisa na ya kumi, na huko Kiebrania kina neno lingine, «hamad». Sisi tungesema: «moyo wake uliambatana nanyi».

Kuna hatari moja ambayo mhubiri asiisahau. Sura ile ya 7 inaagiza pia mataifa mengine yaangamizwe. Mtu akiishia hapo, watu watasikia: Mungu ameambatana nasi, basi wengine waondoke. Likasi inajua matunda ya fikira kama hiyo. Mwaka 1992 watu wengi wenye asili ya Kasai, na kati yao wengi waliozaliwa papa hapa Katanga, walifukuzwa katika nyumba zao, wakakimbilia stesheni ya gari la moshi, wakangoja huko katika taabu kubwa.

Kwa hiyo tusome mpaka sura ya 10. Katika aya ya 15 «hashak» inarudi, kwa ajili ya mababu. Mara moja, aya ya 16, Waisraeli wanaamriwa watahiri mioyo yao. Na katika aya za 18 na 19 Mungu anampenda mgeni, anampa chakula na nguo, nao wafanye vile vile, kwa sababu walikuwa wageni Misri. Mungu aliyeambatana na walio wachache hamruhusu mtu yeyote kumfukuza jirani yake kwa jina lake. Katekista akifundisha 7,7 pasipo 10,19, amefundisha nusu ya neno.