“Badilisha kapasita zote”: ushauri wenye nusu ya ukweli

Ukipata amplifaya ya zamani, tuseme Quad 303 ya Uingereza iliyotoka 1967, utaambiwa jambo moja kwanza: badilisha kapasita zote. Ushauri mzuri? Nusu tu.

Ukweli wake uko kwenye kapasita za elektroliti. Ndani mna majimaji, na miaka ikienda, hasa penye joto, yanakauka. Uwezo wa kutunza chaji unashuka, ukinzani wa ndani unapanda. Kwenye 303, sauti ya kila upande hupitia kapasita kubwa ya aina hii kabla ya kufika kwenye spika, kwa hiyo ikichoka, besi inapungua. Hizo badilisha bila huruma.

Lakini zile za plastiki? Nyingi bado ziko fiti baada ya miaka 50. Ukizing'oa unapata nini? Ukipasha joto sana, njia za shaba kwenye ubao zinabanduka, na hapo umeleta ugonjwa ambao haukuwepo. Tena ukibadilisha 20 kwa mkupuo halafu mashine ikagoma, utajuaje kosa liko wapi?

Kwa hiyo pima kwanza, badilisha chache, washa, sikiliza, ndipo uendelee. Na kila kabla ya kugusa, chomoa waya ukutani, kisha hakikisha kwa mita kwamba chaji imeisha. Amplifaya za vali za kioo zinaweza kubaki na volti zaidi ya 400 hata zikiwa zimezimwa. Hizo zinaua.