Pikofaradi 30 zinazoifunga breki 741

Chukua amplifaya ya operesheni aina ya 741, rudisha volti inayotoka moja kwa moja kwenye pini yake ya hasi, kisha ingiza kwenye pini ya chanya wimbi la mraba linaloruka kutoka volti 10 hasi hadi volti 10 chanya. Oskiloskopu haitakuonyesha mraba. Utaona mstari ulionyooka ukipanda kwa mshazari, nao utachukua takribani mikrosekunde 40 kufika juu. Gawanya volti 20 kwa 40 upate nusu volti kwa kila mikrosekunde. Hiyo ndiyo kasi ya mwisho ya 741, na hata ungeongeza nguvu ya ishara unayoingiza, haitazidi hapo.

Jambo la kuzingatia ni kwamba mstari ule umenyooka. Jaribu tena kwa ishara ndogo, milivolti 20 hivi. Safari hii volti itapanda kwa mkunjo: inaanza kwa haraka, inapungua mwendo kadiri inavyokaribia inakokwenda, na yote yanamalizika ndani ya nusu mikrosekunde. Huo ni ukomo wa masafa, na amplifaya bado inatii mrejesho wake. Mstari ulionyooka una maana nyingine kabisa. Kuna kitu ndani kimefika mwisho wa uwezo wake, na kwa muda huo mrejesho hauna amri tena.

Ili kukijua kitu hicho, turudi miaka ya 1960. Mwaka 1965 mhandisi Bob Widlar aliitoa amplifaya ya µA709 akiwa katika kampuni ya Fairchild. Ilikuwa chipu nzuri, ila mtumiaji alilazimika kuifungia kapasita na rezista za nje ili isitetemeke yenyewe. Kila hatua ya ukuzaji huichelewesha ishara kidogo. Masafa yakiwa makubwa ya kutosha, mrejesho uliokusudiwa kutuliza huchelewa hadi ukageuka kuwa wa kuchochea. Widlar alihamia National Semiconductor, na LM101 yake ya mwaka 1967 ikawa inahitaji kapasita moja tu ya nje, ya pikofaradi 30. Mwaka uliofuata, Dave Fullagar wa Fairchild akaiingiza kapasita hiyo ndani ya silikoni yenyewe. Ndipo ikapatikana 741, ambayo fundi anaifunga na kuitumia bila kuwazia utulivu wake. Kwa maoni yangu, uamuzi huo ndio ulioifanya amplifaya ya operesheni kuwa kifaa cha kila mtu.

Lakini kapasita haijai bure. Jozi ya transista za kuingizia katika 741 hugawana mkondo mmoja wa takribani mikroampia 20. Tofauti ya volti kati ya pini mbili ikiwa kubwa, transista za upande mmoja hufunga kabisa na mkondo wote hupitia upande wa pili, na huo ndio mkondo wote uliopo wa kuijaza kapasita. Ni kama kujaza pipa kwa bomba lililokwisha kufunguliwa lote: maji yatapanda kwa mwendo uleule. Mikroampia 20 ukizigawanya kwa pikofaradi 30 zinatoa takribani 0.67, karibu kabisa na ile nusu volti tuliyoipima.

Athari yake kwenye sauti ni kubwa. Wimbi la saini lenye kilele cha volti 10 katika kilohezi 20 linadai volti 1.26 kwa mikrosekunde. 741 haina kasi hiyo, hivyo inatoa pembetatu yenye kilele cha volti 6 hivi. Kwa kilele hicho cha volti 10, mwisho wake ni takribani kilohezi 8, ingawa karatasi yake ya sifa inataja megahezi 1. Megahezi ile ni ya ishara ndogo, na wengi huisoma kana kwamba ni ahadi kwa ishara yoyote.

Sifa nyingine za 741 hazina utata mwingi: ukuzaji wa kawaida wa mara 200,000 pasipo mrejesho, na mkondo wa nanoampia 80 unaoingia kwenye pini. Mkondo huo ukipita kwenye rezista ya megaomu 1, unazaa kosa la milivolti 80.

Turudi kwenye kasi: kwa nini basi wasiongeze mkondo wa ile jozi ya kuingizia ili kapasita ijae haraka zaidi? Kwa sababu katika transista za baipola, ukiongeza mkondo, usikivu wa jozi nao unaongezeka kwa kiwango hichohicho. Masafa yanapanda, utulivu unapotea, na itakubidi uongeze kapasita, urudi ulipoanzia. Amplifaya ya TL081 ilipitia njia nyingine: jozi yake ni ya transista za JFET, ambazo kwa mkondo uleule zina usikivu mdogo zaidi. Kwa hiyo zinaweza kupewa mkondo mwingi bila kuvuruga utulivu. Masafa yake ni megahezi 3, mara tatu tu ya 741, lakini kasi yake ni volti 13 kwa mikrosekunde.

Anayetaka kuyaona haya kwa macho yake aitafute amplifaya ya NE5534. Bila kapasita ya nje hukimbia volti 13 kwa mikrosekunde, lakini inatulia tu ikikuza mara tatu au zaidi. Ifungie pikofaradi 22 ili itulie hata isipokuza, na kasi inashuka hadi volti 6.